Mkono wa kuinulia magunia ya korosho ulivyonitoa jasho kwenye laptopu

Picha ya kwanza iliyotoka kwenye laptopu yangu ilikua kama mkate ulioshindiwa na panya. Nilimwonyesha mjomba akaangalia, akavua miwani, akaivaa tena, akaniuliza "mjomba, hii unaichomelea wapi sasa?" Nikakosa jibu. Hapo tayari nilikua nimeshakesha siku tatu.

Ngoja nianze vizuri. Mimi niko Mtwara mjini, nimesoma ufundi mitambo, ajira haikutokea nikarudi nyumbani kukaa karakana kwa mjomba wangu, huku Magomeni. Mjomba ni fundi wa kuchomelea, mageti, madirisha, matela ya pawatila, chochote. Mimi kazi yangu ni michoro, mahesabu na kushika grenda kazi zikizidi. Sa msimu mmoja kabla korosho hazijaanza kutoka, akaja mama mmoja kutoka Tandahimba, mfanyabiashara, ana kirikuu chake, anataka afungiwe mkono wa kuinulia magunia nyuma ya bodi, ule wenye winchi ya kuzungusha kwa mkono, maana gunia la korosho ni kama kilo 80 na makuli wanaomba hela ya kupakia kila gunia na wengine wanalidondosha linapasuka. Mjomba alishawahi kumfungia mtu mwingine mkono kama huo, ulikua na kilo 31, watu wawili kuuvua na kuuvalisha. Yule mama akasema "mwanangu mimi natembea na dereva tu, nataka mtu mmoja anauinua mwenyewe". Basi mimi kiherehere, nikasema mama nipe wiki mbili nitakuletea wa kilo 20.

Nilichokua nacho kichwani ni ile mambo ya topoloji optimaizesheni niliyosoma chuo. Kwa ambae hajakutana nayo, unaipa kompyuta bonge la chuma, unaiambia hapa nimeshika, hapa nimening'iniza mzigo, halafu unaiambia nibakizie sehemu fulani tu ya hicho chuma lakini kiwe kigumu kadri inavyowezekana. Inapiga hesabu, inaondoa sehemu zisizofanya kazi, inapiga tena, inaondoa tena, mara hamsini mara mia, mpaka inabaki kitu kama mifupa. Chuo tulionyeshwa ile kodi maarufu, yani programu fupi, ya Ole Sigmund wa Denmark ya mwaka 2001, mistari 99 tu ya Matlab (lugha ya kompyuta ya mahesabu), tukachora boriti moja, mwalimu akaridhika, tukaenda kula. Kumbe kufanya kitu cha kweli ni habari nyingine kabisa.

Mimi natumia FreeCAD ya kuchorea, solva, yani ya kupiga hesabu za nguvu, ni CalculiX, na juu yake ile programu ndogo ya BESO ndo inayoondoa chuma, vyote ni bure. Nikachora bonge langu, urefu 1200, kimo 500, upana 60, zote milimita. Nikashika upande wa mlingoti, ile nguzo ya kwenye gari mkono unapofungwa, nikaweka nguvu ncha ya mbele kuelekea chini, nyutoni 785, hizo ndo kilo 80 ukizidisha na 9.81. Ile bonge nzima ukiipigia uzito wa chuma ni kilo 280 na ushee. Mimi nataka kilo 20. Nikawa mjanja nikaandika lengo ni asilimia 7. Nikabonyeza, nikaenda kunywa chai.

Ndo ukatoka ule mkate wa panya. Vipande vinaelea hewani, havijashikana na chochote, na pale kwenye mzigo limebaki donge kama ngumi. Nilichofanya, na hapa nacheka mwenyewe, ni kuongeza mzigo. Nikasema labda kilo 80 ni ndogo hauoni, nikaweka 1570, umbo lile lile. Nikaweka 5000, lile lile. Nikabadilisha chuma nikaweka alumini, lile lile kabisa mpaka mashimo. Nikajua softwea imekufa, nikaifuta nikaipakua upya na bando la wenyewe.

Haikua imekufa. Ni kwamba ukiwa na mzigo mmoja tu na unatafuta ugumu kwa uzito uliopangiwa, ukubwa wa mzigo haubadilishi umbo. Ukizidisha mzigo mara mbili, kila sehemu inapata kazi zaidi kwa uwiano ule ule, kwahiyo foleni ya nani aondoke kwanza inabaki vile vile. Chuma au alumini pia vile vile. Ukubwa unakuja kukuuma baadae ukishapata umbo na unapima kama litavunjika. Kinachobadilisha umbo ni mzigo unaelekea wapi na umeshikilia wapi. Hii kitu niliisoma chuo na nilifaulu mtihani wake, lakini ilikaa kichwani kama shairi, sikuwahi kuielewa mpaka nilivyopoteza siku nzima nikibadilisha namba ambayo haina kazi.

Mkate wenyewe sasa. Tatizo la kwanza lilikua kwamba nguvu yote nimeiweka kwenye nodi moja, yani kona moja ya vile vipande vidogo (elementi) ambavyo programu inalikatia bonge, kama ncha ya sindano. Pale penye sindano presha inakua kubwa ajabu, programu inaona hapo ndo penye kazi kuliko kwote, inalimbikiza chuma hapo, huku kwingine inanyang'anya. Nikachora kipande cha duara cha kukaa pini ya puli, nikaisambaza nguvu kwenye uso wa tundu lote, na kile kipande nikakiweka kisiguswe. Na kule kwenye mlingoti vile vile, matundu ya bolti nikayazungushia pete ya chuma kisichoguswa, maana mara ya kwanza programu ilikula matundu yangu yote ya bolti, yani ikanipa mkono mzuri usiofungika popote.

Tatizo la pili ni hiyo asilimia 7 yangu ya kijanja. Babu yangu mzaa mama alikua mchonga vinyago upande wa Newala, mpingo, na nakumbuka alivyokua anachonga taratibu kwa sababu kipande kikishatoka kimetoka. Hii BESO kinadharia inaweza kurudisha ilichoondoa, lakini mimi nilikua nimeiruhusu iondoe asilimia 10 kila mzunguko, kwahiyo inakata fupa lote kwa mkupuo, na fupa likishakatika halipitishi nguvu tena, programu ikirudi inaona hilo halina kazi, inazidi kulila. Nikashusha mpaka asilimia 3. Na lengo la uzito nikalipandisha mpaka asilimia 30, kwa sababu elementi zangu zilikua milimita 10, sasa ukitaka ibaki asilimia 7, mafupa yanakua membamba elementi moja au mbili, na fupa la elementi moja halina hesabu ya maana.

Utasema asilimia 30 ya kilo 280 ni kilo 84, umemdanganya yule mama. Hapana. Hapo ndo nilipoelewa kwamba ile picha naihitaji kwa ajili ya ramani tu. Inaniambia fupa lipite wapi na likutane na lipi. Kwenye kompyuta fupa ni chuma kilichojaa ndani, mimi nitaweka bomba la mraba lenye uwazi, uzito ni wa bomba. Hili lingeandikwa kwa wino mwekundu mahali ningeokoa siku nne.

Nikarudia. Sasa ikatoka kitu kina umbo, ila mwilini kina madoadoa meusi meupe meusi meupe, kama ubao wa drafti kabisa, ningeweka vizibo vya soda tungecheza. Hii ni ugonjwa unaojulikana zamani, sio chuma kinachotaka kuwa hivyo, ni hesabu za elementi za daraja la chini zinadanganyika, elementi zikishikana kwa pembe tu zinaonekana ngumu kuliko uhalisia, kwahiyo programu inazipenda. Dawa yake ni filta, yani kila elementi inachanganya maoni na majirani zake kabla ya kuamuliwa. Nilikua nimeizima kwa sababu nilidhani inapunguza kasi. Nikaiwasha na nusu kipenyo cha milimita 25, drafti ikapotea.

Halafu nikaona mbona safi, ngoja niweke elementi za milimita 5 ipendeze. Laptopu yangu ina ramu ya giga 8. Ilianza kupumua kama mtu aliyepanda mlima wa Newala kwa baiskeli, saa nne za usiku mzunguko wa 40 na kitu, umeme ukakatika, na betri yake mnajua zile za mwaka wa sita. Kila kitu kikapotea kwa sababu sikuweka ihifadhi njiani. Asubuhi nikarudia na umbo likaja tofauti, mafupa mengi membamba kama utando. Kisa nilikua nimeandika filta kama mara kadhaa ya ukubwa wa elementi badala ya milimita, kwahiyo elementi zikiwa ndogo na filta inapungua, na mafupa yanazaliana. Ukiifunga filta kwa milimita umbo linatulia, meshi, yani huo mgawanyo wa elementi, iwe kubwa iwe ndogo. Nikarudi kwenye milimita 10 na filta 25, na kila mizunguko mitano inahifadhi faili. Sina haja ya kupendeza.

Sasa basi, umbo likatoka zuri. Fupa la juu linavutwa, fupa la chini linasukumwa, katikati vijiti vinakingama. Kuna Mwaustralia anaitwa Michell alishaandika mwaka 1904 kwamba fremu nyepesi kuliko zote zinakua na mistari ya namna hiyo, mivuto na misukumo inakatana kwa pembe mraba, na hakua na kompyuta. Nikajisikia mkubwa. Nikachapisha picha nikampelekea mjomba.

"Shikamoo mjomba, imekubali."

"Marahaba. Enhe, na kamba inapita wapi?"

Nikamwambia inatoka kwenye winchi pale chini ya mlingoti inapanda inapita juu ya mkono mpaka kwenye puli ya mbele inashuka kwenye gunia. Akasema "sasa hiyo kamba haivuti?" akaendelea kupiga brashi geti la mtu.

Aisee. Niliganda. Kamba inavuta ndio. Puli ya mbele ina kamba pande mbili, upande mmoja unashuka kwenye gunia na uzito wa kilo 80, upande wa pili unarudi nyuma kwenye mlingoti na mvuto ule ule wa kilo 80. Pini ya puli inapata zote mbili kwa pamoja, nusu chini nusu nyuma, ukizijumlisha ni kama nyutoni 1110 kwa mshazari wa digrii 45, wala sio 785 ya kwenda chini. Siku zote hizo nimeangaikia filta na meshi na asilimia, na mzigo wenyewe unaelekea siko. Na si nimesema hapo juu, mwelekeo ndo unaobadilisha umbo. Niliporekebisha, fupa la juu likakonda, la chini likanenepa na likahama, vijiti viwili vya katikati vikapotea kabisa. Mkono mwingine.

Tangu siku hiyo kabla sijaanza optimaizesheni yoyote napiga kwanza hesabu ya kawaida, mzigo mmoja, bonge zima, halafu naangalia jumla ya nguvu ambazo sapoti zinarudisha. Zikilingana na nilizoweka kwa ukubwa na mwelekeo, naendelea. Kuna siku zilirudi sifuri, kumbe uso niliouchagua kuweka nguvu ulikua umebadilika namba baada ya kuhariri mchoro, nguvu haipo popote. Hii inachukua dakika mbili, optimaizesheni inachukua usiku.

Nikaenda hatua nyingine ambayo nilitakiwa niifanye siku ya kwanza. Nikapanda gari asubuhi mpaka Tandahimba kwa yule mama, nikakaa ghalani nikaangalia watu wanavyopakia. Ilikua bado msimu haujachanganya, mabibo ndo yameanza kunukia, lakini kulikua na magunia ya ufuta wanahamisha. Nikaona kitu kimoja, hakuna mtu anaeleta gunia likae chini kabisa ya ncha. Gunia liko pembeni hatua moja na nusu, kuli anafunga kamba pale pale lilipo halafu anazungusha winchi, gunia linajiburuta mpaka linanyanyuka. Na linanyanyuka kwa mtikisiko. Na kirikuu imeegeshwa nusu barabarani nusu kwenye mtaro. Nikaazima mzani wao wa kuning'iniza, ule wa ndoano, nikafunga katikati ya kamba nikamwambia dogo buruta gunia kama kawaida, mshale ukaruka mpaka 130 ukarudi 80. Upande wa ubavuni nikavuta mwenyewe kwa mzani huo huo nikapata kama kilo 20.

Ile 130 nikaipandisha ikawa mara mbili ya uzito wa gunia kwa ajili ya usalama, hiyo ni ya kupimia nguvu ya chuma baadae. Lakini zile kilo 20 za ubavuni ndo zilizovuruga kila kitu, kwa sababu kwenye mchoro wangu hazikuwepo, mkono wangu ulikua bapa, upana 60, unabeba mzigo wa kwenda chini kishujaa na ukiuvuta ubavuni unapinda kama rula. Programu isingejua, haijawahi kuambiwa kuna ubavu. Nikapanua bonge kule kwenye mlingoti likawa 300 kwa upana, mbele nikaacha 60, nikaweka mizigo mitatu tofauti, ya kwenda chini na kamba, ya kuvuta kulia, ya kuvuta kushoto. Kila mmoja kivyake, sio kuijumlisha pamoja maana kulia na kushoto zinafutana zinabaki sifuri, nimeshafanya hilo kosa nalo, tusiongee sana.

Ikatoka safari hii fupa moja juu na miguu miwili chini inayopanuka kuelekea mlingotini, ukiuangalia kwa juu ni kama herufi V. Nikamwonyesha mjomba, akacheka akasema "hii si ile stendi ya tangi la maji imelazwa?" Kweli bwana, ni ile ile. Miguu miwili, mshazari, na kamba juu. Mtu aliyechomelea stendi miaka ishirini anaijua, ila hakuwahi kuiweka kwenye mkono wa winchi kwa sababu hakuna aliyemwambia gunia linaburutwa.

Kuitengeneza ilikua siku moja na nusu. Fupa la juu linavutwa tu kwahiyo flati baa ilitosha, miguu ya chini inasukumwa nikaweka bomba la mraba la 40 unene wa milimita 3, kwa sababu kitu kinachosukumwa kikiwa chembamba hakivunjiki, kinapinda ghafla, na optimaizesheni ya ugumu hailijui hilo hata kidogo, unapiga hesabu yake pembeni. Nikachora upya kwa mabomba halisi nikapima kwa mzigo mara mbili, presha kubwa ikaja chini ya nusu ya uwezo wa chuma cha kawaida ambacho ni kama megapaskali 250, isipokua kona moja kwenye maungio inayoonyesha namba ya kutisha, na kila nikisaga meshi, yani nikipunguza ukubwa wa elementi, namba inapanda. Hiyo kona kali haina mwisho, ungesaga mpaka kesho ingepanda tu. Mjomba akaiwekea kipande cha pembetatu na kulehemu kwa mviringo, nikaachana nayo.

Kilo 21. Mjomba hakutaka kusikia habari ya laptopu kwenye majaribio, aliufunga kwenye nguzo ya karakana, akaning'inia mwenyewe, akaniambia nimsukume ubavuni, watu wa jirani wakajaa kuangalia mzee anabembea.

Mama akaondoka nao. Wiki ya tano ya msimu akapiga simu, mkono uko salama ila unacheza pale kwenye pini ya mlingoti, unatoa sauti. Nikaenda. Tundu la pini lilikua limeliwa limekua kama yai. Nikafungua faili langu nikaangalia pale, na pale ndo nilipoandika "imeshikwa", yani kwa programu lile tundu ni mwamba, halisogei, halisagiki, halina pini inayozunguka ndani yake na vumbi la Tandahimba. Tukatoboa tundu kubwa zaidi, tukaweka bushi ya shaba na nipeli ya grisi. Yule mama akauliza hii kwenye kompyuta haikuonekana, mjomba akamjibu kabla yangu, "hakuiuliza". Bushi nililipa mimi.